Je, kitu kinaweza kujileta chenyewe?

Nafundisha falsafa, na hakuna swali ninalolipenda kama hili: kitu kinaweza kuwa chanzo cha kuwepo kwake? Naamini haiwezekani, ila sababu inayotajwa mara nyingi hainitoshi.

Husemwa kwamba chanzo hutangulia, kwa hiyo kinachojisababisha kingelazimika kuwepo kabla hakijakuwepo. Mwaka 1641 mwanafalsafa Mfaransa René Descartes alijibu kwamba si lazima chanzo kitangulie kwa wakati. Hapo namkubalia. Mzizi wa tatizo uko kwingine: katika kutegemea.

Washa mshumaa, kisha utazame kwa makini. Joto la mwali huyeyusha nta, nta hupanda kwenye utambi na kugeuka mvuke, mvuke huungua, na huko kuungua ndiko kunakotoa joto la kuyeyusha nta inayofuata. Mwali unajilisha! Unawaka sasa kwa kuwa ulikuwa unawaka punde tu. Lakini haukujiwasha, kuna njiti ya kiberiti iliyosogezwa. Kujiendeleza ni jambo moja, kujianzisha ni jingine kabisa.

Mtu atasema: ondoa njiti, tufanye duara. Mwanahisabati Kurt Gödel alionyesha mwaka 1949 kwamba milinganyo ya Einstein kuhusu mvutano, nafasi na wakati inaruhusu ulimwengu ambamo safari ya kwenda mbele inaweza kukurudisha kwenye jana yako. Haya, tuseme kuna kitu kinachozunguka hivyo, leo yake ikizaliwa na jana yake, na jana na leo. Kila hatua imepata maelezo. Duara lenyewe je? Kwa nini liwepo badala ya kutokuwepo? Hakuna hatua ndani yake inayolijibu hilo, maana kila moja imeshalichukulia duara kuwa lipo.

Mwanafalsafa Mholanzi Spinoza, katika kitabu chake cha Etiki kilichotoka 1677, alianza na fasili ya kinachojisababisha: kile ambacho kuwepo kumo ndani ya kiini chake. Ukiisoma polepole, humo hamna tendo lolote la kujileta. Ibn Sina, mwanafalsafa Mwislamu aliyefariki 1037, alikuwa amelitaja wazo hilo kwa lugha ninayoiona safi zaidi: kilicho wajibu kuwepo, yaani kisichoweza kutokuwepo, na kisichohitaji sababu. Ndiyo maana mwanafunzi akiniuliza nani alimuumba Mungu, namwambia waumini makini hawasemi alijiumba. Wanasema hakuumbwa, na hiyo ndiyo kauli inayostahili kujadiliwa.