Je, wajua kwa nini kisima cha pili cha mafuta baharini hutobolewa kutafuta maji?

Mtu wa Lubumbashi aliyekulia karibu na migodi anajua kwamba shimo moja lenye shaba halitoshi kufungua mgodi. Karoti za mawe, yaani vipande virefu vya mviringo vilivyokatwa shimoni, hupangwa katika masanduku, mita baada ya mita, kutoka mashimo mengi, mpaka ijulikane madini yanaanzia wapi na yanaishia wapi. Mafuta ya baharini, kama yale yanayotolewa mbele ya Muanda, pwani ya Kongo, tangu 1975, yanadai kazi hiyohiyo. Ila kule kila shimo ni ghali mno, kwa hiyo mahali pa shimo la pili huchaguliwa kwa akili nyingi.

Mafuta hayakai katika ziwa chini ya ardhi. Yamo ndani ya jiwe la mchanga, kati ya punje na punje. Jiwe zuri lina nafasi kama asilimia 20 ya ujazo wake. Kwa kuwa ni mepesi, huelea juu ya maji ya chumvi yaliyomo katika jiwe hilohilo. Kisima cha kwanza huchorongwa pale jiwe lilipoinuka zaidi. Kikikuta mafuta toka juu ya tabaka hadi chini, watu hufurahi, lakini bado hakuna ajuaye yanaishia kina gani. Ndiyo maana kisima cha pili, kiitwacho cha tathmini, husogezwa pembeni, jiwe linakoshuka, kikakutane na maji.

Jibu hutoka kwenye presha. Chombo hushushwa kwa waya, hubana pua yake kwenye ukuta wa kisima, hufyonza kidogo, kisha husubiri presha itulie. Kila mita unayoshuka, mafuta huongeza presha kama bar 0.08 (bar ni kipimo cha presha), na maji bar 0.1. Tuseme kisima cha kwanza kimepima bar 260 ndani ya mafuta kwenye mita 2,500, na cha pili bar 269 ndani ya maji kwenye mita 2,600. Chora mistari miwili ya presha kwa kina, mmoja wa mafuta na mmoja wa maji: inakutana mita 2,550. Mpaka wa mafuta na maji umepatikana, ingawa hakuna kisima kilichoupitia.

Hapa kosa dogo huuma sana. Kina hupimwa kutoka sakafu ya jukwaa la kuchorongea, na majukwaa mawili hayalingani urefu juu ya bahari. Ukisahau tofauti ya mita 5 tu, presha ya maji inakosewa kwa bar 0.5, na mpaka unahama mita 25! Kwa hiyo vina vyote hurudishwa kwanza kwenye usawa wa bahari.

Karoti nazo hukatwa, unene wa sentimita 10 hivi, kwa mabomba ya mita 9 yaliyounganishwa. Jiwe likikwama ndani, kuchoronga husimamishwa mara moja, la sivyo linalofuata litasagwa. Katika mita za mwisho kuelekea juu karoti hupandishwa polepole, maana gesi iliyomo hutanuka na kulipasua jiwe.

Mwisho kisima hufunguliwa kitiririke kwa saa kadhaa, kisha hufungwa na presha kutazamwa ikipanda. Ikitulia chini ya pale ilipoanzia, basi hifadhi ni ndogo, au kuna ufa uliojifunga unaokitenga kipande hicho na mafuta mengine.