Je, kompyuta ndogo ziliimaliza IBM?

Ukitaja ukubwa wa Google au Apple, hakosi mtu wa kukuambia: subiri tu, hata Nokia ilikuwa kubwa. Mfano unaopendwa zaidi ni IBM, kampuni ya kompyuta ya Marekani inayodaiwa kumalizwa na kompyuta ndogo za mezani.

Hilo ni nusu ya habari. IBM ilishindwa kwenye soko jipya. Kompyuta yake ya mwaka 1981 ilitumia chipu ya Intel na mfumo endeshi kutoka Microsoft, wengine wakaiiga, na mwaka 2005 biashara hiyo ikauzwa kwa Lenovo. Hasara ya 1993, takriban dola bilioni 8, nayo ilikuwa ya kweli.

Lakini soko lake la zamani, la mashine kubwa za benki, bima na serikali, halikumponyoka. Programu nyingi zilizoandikiwa System/360, mashine iliyotangazwa mwaka 1964, bado zinaweza kuendeshwa kwenye mashine zake za leo. Benki yenye mamilioni ya mistari ya Kobol, lugha ya zamani ya kuandikia programu, inayokokotoa riba na salio haihami kwa sababu tu kuna kitu cha bei nafuu. Ikiteleza kidogo wakati wa kuhama, wateja wanaamka hawaoni mishahara yao. Ni mkurugenzi gani atajitolea?

Nokia ni kesi tofauti: simu unaibadilisha mwenyewe dukani, bila kumuuliza mtu.

Na AT&T, kampuni ya simu ya Marekani inayotajwa sana kwenye orodha ya walioanguka, haikuangushwa na teknolojia mpya. Serikali ya Marekani iliishtaki kwa ukiritimba mwaka 1974, na kampuni ikagawanywa mwaka 1984.