Risasi za Bunduki za Wenzo kwa Uwindaji wa Kulungu: Dhana Potofu na Ukweli

Katika majimbo ya Marekani yenye misitu minene, kama vile Pennsylvania, Michigan, Wisconsin na Maine, msimu wa kuwinda kulungu wa mkia mweupe unapofika, bado hutolewa kabatini bunduki ambazo muundo wake ulibuniwa kabla ya karne ya 20 kuanza. Hizi ni bunduki za wenzo, ambazo mpigaji husukuma chini chuma kinachozunguka kifyatulio ili ganda tupu litoke, kisha hukirudisha juu ili risasi nyingine iingie kwenye chemba. Kwa kuwa nyingi zimerithiwa kutoka kwa babu hadi kwa mjukuu, hadithi za risasi zake nazo zimerithiwa, na baadhi ya hadithi hizo hupingwa waziwazi na majedwali ya viwanda vinavyotengeneza risasi hizo hizo. Hapa neno risasi lina maana ya kitu kizima, pamoja na ganda, fataki (kidonge cha kitakoni kinachowasha baruti) na baruti yake. Kile kinachoruka kutoka mdomo wa mtutu kitaitwa kichwa.

Dhana: Risasi ya .30-30 ni ya kizamani mno kumwangusha kulungu.

Ukongwe wake haubishaniwi. Bunduki ya Winchester 1894, kazi ya John Browning wa Ogden, Utah, iliingia sokoni ikitumia risasi za baruti nyeusi, na mwaka 1895 ikapewa .30-30, risasi ya kwanza ya Kimarekani ya uwindaji yenye kipenyo kidogo iliyoundwa tangu mwanzo kwa baruti isiyotoa moshi. Enzi hizo ilihesabiwa kuwa risasi ya kasi, kwa sababu kichwa chake kilikwenda karibu mita 600 kwa sekunde, ilhali .38-55 ya baruti nyeusi, iliyotumika katika bunduki hiyo hiyo, ilikwenda kama mita 400 tu.

Risasi ya kiwandani ya leo yenye kichwa cha gramu 11, ambacho Wamarekani hukiita cha greni 170, hutoka kwa takriban mita 670 kwa sekunde ikiwa na nishati ya jouli 2,470 hivi. Ikifika mita 91, ambazo kwao ni yadi 100, hubaki na jouli 1,840 hivi, na kwenye mita 183 hubaki na kama 1,340. Kulungu dume aliyekomaa, hata akipita kilo 100, hahimili kichwa cha namna hiyo kinapopita katikati ya mapafu yake. Udhaifu wa kweli wa .30-30 uko kwenye umbali. Bunduki ikisawazishwa ipige barabara kwenye mita 91, kichwa huwa kimeshuka zaidi ya sentimita 20 kitakapofika mita 183, na eneo la moyo na mapafu la kulungu lina upana wa sentimita 20 hadi 25 hivi. Asiyeweza kukisia umbali vizuri atamkosa mnyama, au, vibaya zaidi, atamvunja mguu na kumwacha apotelee msituni.

Dhana hii ina pacha wake, yaani madai kwamba .30-30 imeua kulungu wengi kuliko risasi nyingine yoyote. Huenda ikawa hivyo, kwani bunduki za Winchester 1894 peke yake zimetengenezwa zaidi ya milioni 7, lakini hakuna daftari la taifa linalohesabu kulungu kwa aina ya risasi iliyowaua. Anayeitoa kauli hiyo anasifu tu, hata akiitaja kwa sauti ya mtakwimu.

Dhana: Kichwa kikubwa ndicho chenye nguvu, kwa hiyo .35 Remington huizidi .30-30, na .45-70 huzizidi zote mbili.

Hapa ndipo majedwali yanapostaajabisha zaidi. Risasi ya .35 Remington yenye kichwa cha gramu 13 hutoka mtutuni ikiwa na jouli 2,600 hivi, na kwa kweli mdomoni mwa mtutu inaizidi .30-30 tuliyoitaja. Lakini kichwa chake ni kinene, kifupi na cha mviringo mbele, na hewa hukipunguzia kasi haraka. Kwenye mita 91 kimebaki na jouli 1,735 hivi, yaani kimekwisha kupitwa na .30-30, na kwenye mita 183 kina kama 1,140 dhidi ya 1,340 za mwenzake. Wapenzi wa .35 hawajaota, hata hivyo. Kipenyo cha milimita 9.1 kikilinganishwa na 7.8 hutoboa tundu pana zaidi, na damu ikidondoka kwa wingi huwa rahisi kumfuata mnyama kwenye majani makavu. Ni faida ya kweli, ila ni ndogo, na haitokani na nguvu zaidi.

Kwa .45-70 hesabu ni ya ajabu zaidi. Kichwa chake cha kawaida kina uzito wa gramu 26, zaidi ya mara mbili ya kile cha .30-30, na ukikishika mkononi huwezi kuamini kwamba kina upungufu wowote. Lakini risasi ya kiwandani ya mtindo wa zamani hukirusha kwa mita 405 hivi kwa sekunde, na nishati yake mdomoni mwa mtutu ni jouli 2,150 hivi, chini ya .30-30 kwa zaidi ya jouli 300. Kwenye mita 183 zote mbili huwa karibu sawa kabisa. Kinachozitenganisha hapo ni mteremko: .45-70 iliyosawazishwa kwenye mita 91 huwa imeshuka kama sentimita 60, na mpigaji aliyemlenga kulungu begani huona vumbi likiruka chini ya tumbo lake.

Sababu ya upole huo iko kwenye historia. Risasi hii ilianza kazi mwaka 1873 katika bunduki ya Springfield ya Jeshi la Marekani, bunduki ya risasi moja moja ambayo chemba yake hufunguka juu kama kifuniko cha sanduku. Chuma cha bunduki hizo si imara kwa vipimo vya leo, na bado ziko mikononi mwa watu. Ndiyo maana viwango vya viwanda vya Marekani huzuia mgandamizo wa gesi ndani ya chemba ya .45-70 usizidi pauni 28,000 kwa inchi ya mraba, ilhali .30-30 inaruhusiwa kufika 42,000.

Dhana: Risasi yoyote iliyoandikwa .45-70 inafaa kwa bunduki yoyote iliyoandikwa .45-70.

Hili ni kosa linaloweza kumpofusha mtu. Zipo kampuni zinazouza risasi za .45-70 zenye mgandamizo mkubwa zaidi, zilizokusudiwa bunduki za kisasa kama Marlin 1895, iliyotolewa upya mwaka 1972. Maboksi yake huwa na onyo, na onyo hilo lisomwe, kwani risasi hizo huingia bila shida yoyote katika Springfield ya babu, na mgandamizo wake unaweza kuipasua mbele ya uso wa mpigaji. Hata katika bunduki inayozistahimili, hupiga teke la nguvu begani, na mwindaji anayeliogopa teke hilo huanza kufumba macho kabla ya kufyatua. Kwa kulungu, nguvu hiyo yote haihitajiki; risasi hizo zinaeleweka zaidi katika nchi ya dubu wakubwa.

Dhana: Kichwa kizito na cha polepole hupenya vichaka, ilhali kile chepesi na cha kasi hupotoshwa na tawi dogo.

Pengine hakuna imani iliyouza bunduki nyingi za wenzo kuliko hii, na watu wengi humchagulia kijana wao .35 au .45-70 kwa sababu hiyo pekee. Imejaribiwa mara nyingi, kwa kupanga vijiti mbele ya shabaha na kufyatua risasi za aina mbalimbali, na matokeo ni kwamba vichwa vyote hupotoka. Kichwa cha risasi huenda sawa kwa kuwa mifuo, yaani michirizi ya kuzunguka iliyo ndani ya mtutu, imekizungusha. Kikigusa kijiti kwa upande mmoja, mzunguko huo huyumba, ncha huinama, na kuanzia hapo hewa yenyewe hukisukuma pembeni. Kichwa kizito huenda kikapotoka kidogo kuliko chepesi katika jaribio moja na zaidi katika jaribio linalofuata, kutegemea kama kimekikata kijiti katikati au kimekikwaruza tu.

Jambo lenye uzito hapa ni umbali kati ya kijiti na mnyama. Kulungu akiwa mita moja nyuma ya tawi, karibu risasi yoyote itampata, kwa sababu kichwa hakijapata nafasi ya kwenda kombo. Tawi hilo hilo likiwa karibu na mpigaji na kulungu yuko mita 40 mbele, hata .45-70 haina dhamana yoyote. Nadhani dhana hii imedumu kwa sababu mwindaji aliyempata kulungu hurudi kuliangalia tawi lililokatwa na kuisifu bunduki yake, lakini aliyemkosa husema tu kwamba amemkosa.

Dhana: Risasi zenye ncha kali haziruhusiwi katika bunduki za wenzo.

Dhana hii ina nusu ya ukweli, na nusu hiyo ni muhimu. Katika Winchester 1894 na Marlin 336 risasi hukaa ndani ya bomba lililo chini ya mtutu, moja nyuma ya nyingine, kiasi kwamba ncha ya kila kichwa hugusa kitako cha ganda lililo mbele yake, mahali hasa penye fataki. Bunduki ikipiga teke, safu nzima hutikisika, na ncha ngumu inaweza kuigonga fataki kama sindano ya bunduki inavyoigonga. Kwa hiyo vichwa vya bunduki hizi hufanywa bapa au vya mviringo mbele. Katikati ya miaka ya 2000 kampuni ya Hornady ilileta vichwa vyenye ncha ya plastiki laini inayobonyea, ambavyo hukaa salama ndani ya bomba na hukata hewa vizuri zaidi.

Lakini si kila bunduki ya wenzo ina bomba. Savage 99, ambayo asili yake ni mwaka 1899, huzipanga risasi kwenye kigurudumu kinachozitenganisha, na ndiyo sababu iliweza kutumia risasi za kasi kama .250-3000 ya mwaka 1915 na .300 Savage ya mwaka 1920, ambazo kwa kulungu wa mbali huziacha nyuma zote tulizozitaja hapo juu. Winchester 1895 nayo ina magazini ya sanduku mbele ya kifyatulio. Wasomaji wa pwani yetu wana kisa nayo, maana Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu kwenye urais wa Marekani, aliposhuka Mombasa mwezi Aprili 1909 alikuwa na bunduki ya aina hiyo yenye risasi za .405, na aliitumia kuwindia simba. Anayedai kwamba bunduki za wenzo ni dhaifu kwa asili yake amesahau hilo.

Dhana: Namba zilizo kwenye jina hueleza nguvu ya risasi.

Hazina kanuni moja. Namba ya kwanza hudokeza kipenyo kwa inchi, lakini ya pili hubadilika maana. Katika .45-70 namba ya pili ni greni 70 za baruti nyeusi, katika .30-30 ni greni 30 za baruti isiyotoa moshi, katika .250-3000 ni kasi ya futi 3,000 kwa sekunde, iliyotumika kama tangazo. Wala .32 Winchester Special haiko juu ya .30-30 kwa sababu tu .32 ni kubwa kuliko .30, kwa kuwa kulungu hawezi kuonyesha tofauti kati yao.

Dhana: Risasi isiyofikisha jouli 1,356 haiwezi kumuua kulungu.

Kiwango hicho, ambacho Wamarekani hukitaja kama pauni-futi 1,000, kimerudiwa mara nyingi mpaka kikaonekana kama sheria ya maumbile. Jimbo la Colorado lina sheria inayodai nishati hiyo kwenye yadi 100, na .30-30 huitimiza bila taabu. Lakini mnyama hufa kwa kupoteza damu au kwa kuharibiwa moyo, mapafu au neva, na hayo hutegemea kichwa kimepita wapi na kimefunguka, yaani kimetanuka ndani ya mwili, kiasi gani. Bunduki nyepesi ya .44 Magnum, risasi iliyozaliwa katika miaka ya 1950 kwa ajili ya bastola, huwa karibu na mpaka huo kwenye mita 91, na katika msitu ambamo kulungu huonekana kwenye mita 40 au 50 hufanya kazi yake kikamilifu. Jouli 3,000 zilizopita tumboni zina faida ndogo kuliko hizo chache zilizopita mapafuni.

Dhana: Risasi iliyokubalika kwa zaidi ya miaka 100 itakuwa halali kila mahali.

Ohio kwa miaka mingi haikuwaruhusu wawindaji wa kulungu kutumia bunduki zenye mifuo na risasi za kawaida, kwa hofu ya vichwa kusafiri mbali katika nchi tambarare yenye mashamba na nyumba. Mwaka 2014 iliruhusu zile zenye ganda lililonyooka tangu kitakoni hadi mdomoni. Kwa hiyo .45-70, .44 Magnum na hata .38-55 zikakubalika, ilhali .30-30 na .35 Remington, ambazo ganda lake lina shingo kama chupa, zikabaki nje, ingawa hazirushi mbali kiasi cha kutisha. Mwaka 2023 Remington ilijibu masharti ya aina hiyo kwa kuleta .360 Buckhammer, risasi mpya ya bunduki za wenzo ambayo ganda lake limetokana na lile la .30-30, likanyooshwa shingo yake.