Kupima mwendo wa lithiamu ndani ya kinywe: shida iko kwenye milivolti

Njia ninayoitumia kupima lithiamu inavyosambaa ndani ya kinywe (grafiti, ile ya elektrodi za betri) ni ile ya Weppner na Huggins ya mwaka 1977. Unapitisha mkondo mdogo kwa muda mfupi, unauzima, unaiacha seli itulie, unarudia hadi kinywe kijae.

Seli ya kitufe CR2032 inatosha, kinywe upande mmoja na lithiamu tupu upande wa pili. Ukiweza, ongeza elektrodi ya tatu ya rejea, maana lithiamu nayo hula volteji mkondo unapopita. Kwa C/20 (mkondo unaojaza kinywe kwa saa 20), mipigo ya dakika 10 inafika 120. Ukipumzisha saa mbili kila mara, mapumziko peke yake ni siku kumi, na muda wote huo joto libaki 25°C.

Kisha:

D = (4/πτ) × (R/3)² × (ΔEs/ΔEt)²

D ni kipimo cha kasi ya lithiamu kusambaa, τ ni muda wa mpigo, ΔEs ni tofauti ya volteji tulivu kabla na baada ya mpigo, ΔEt ni badiliko la volteji wakati mkondo unapita. Toa kwanza ule mruko wa papo hapo wa ukinzani. Ukiuacha, D inashuka bure. R ni nusu kipenyo cha chembe, si unene wa elektrodi! Weka maikromita 60 za unene mahali pa R/3 ya chembe ya R = maikromita 8, D inapanda mara 500 hivi. Kwa kinywe cha vipande bapa, kama cha Mahenge, lithiamu huingilia kingoni, kwa hiyo R/2 inafaa zaidi kuliko R/3.

Mpigo nao uwe mfupi sana kuliko R²/D. Kwa R hiyo na D ya 10⁻¹⁰ cm²/s unapata sekunde 6,400, kwa hiyo mpigo wa 600 (dakika 10) ni salama. D ikiwa 10⁻⁹ zinabaki 640, na hesabu imeharibika.

Kazi hasa iko karibu na volti 0.2, 0.12 na 0.09. Hapo lithiamu inaingia lakini volteji haisogei, kwa kuwa hali mbili zinaishi pamoja, mfano LiC₁₂ ikigeuka LiC₆. ΔEs ikiwa milivolti 0.2 na kipimo kinayumba kwa 0.1, D yako inaweza kuwa robo ya ile halisi au zaidi ya mara mbili yake. Grafu ya D inaonyesha shimo refu, na wengi huandika kwamba lithiamu imekwama. Haijakwama: fomula inadhani kuna hali moja tu, wakati kinachosogea ni mpaka kati ya hali mbili. Mimi sehemu hizo naziacha wazi kwenye grafu.

Mpaka wenyewe unaonekana kwa hadubini ukitumia seli yenye dirisha la kioo: kijivu, bluu, nyekundu, halafu dhahabu kinywe kikijaa. Pima umbali uliosogea kwa kila dakika.