Kariakoo siyo skwata (makazi ya kujijengea bila mpango), naomba tuelewane

Wiki iliyopita kaja mteja ofisini, mtu mzima tu, anataka mchoro wa ghorofa kwenye kiwanja cha urithi Kariakoo, hapa Dar es Salaam, na hata kiti hajakikalia vizuri kashaanza: "Unajua shida ya Kariakoo haikupangwa, watu walijijengea tu." Nikanyamaza. Hii kauli nimeisikia kwenye daladala, nimeisikia msibani, nimeisikia mpaka kwa wataalamu wenzangu wenye vyeti ukutani, na ghorofa la pale Kariakoo lilipoporomoka Novemba 2024 niliisikia kila siku. Sasa naisikia kwa mtu aliyeshika hati mkononi, hati ina namba ya ploti na namba ya kitalu. Mzee wangu, hiyo namba ya kitalu unadhani ilidondoka kutoka mbinguni?

Hebu fungua ramani ya setilaiti kwenye simu yako, tafuta Kariakoo, angalia kuanzia Lumumba mpaka Msimbazi. Mitaa imenyooka, inakatana kama daftari la hesabu, Kongo, Sikukuu, Nyamwezi, Swahili, Mkunguni, Aggrey, yote ina sura moja. Halafu sogeza uende Manzese au Tandale. Kule ndo nyumba zilitangulia na njia ikaja baadaye kutafuta pa kupenya. Kariakoo mtaa ulitangulia nyumba, bikoni, zile alama za mipaka ya viwanja, ziliwekwa kabla ya tofali.

Historia nitaipitia mbio maana wengi mnaijua. Palikuwa shamba la minazi, Wajerumani wakalitenga liwe mji wa Waafrika, vita ya 1914 ikaja ikavuruga, Waingereza wakauteka mji 1916 na wapagazi wao wa Carrier Corps wakapiga kambi pale, ulimi wetu ukalinyoosha jina likawa Kariakoo (Nairobi nao wana Kariokor yao, chimbuko hilohilo). Waingereza wakaendeleza ile gridi na kuugawa mji kanda 3, tukabaki na Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Na uwanja wa Mnazi Mmoja katikati ya Uhindini na Uswahilini haukuachwa wazi ili watu wapunge upepo. Walisema ni mambo ya afya, ila kazi yake ilikuwa kutenga watu. Kwa hiyo mtu asinielewe vibaya, nikisema pamepangwa sisemi palipangwa kwa upendo. Mitaa iliyonyooka ni rahisi kupitisha doria na rahisi kukusanya kodi, hilo nalo lilikuwemo kwenye mchoro.

Sasa nije kwenye kinachoniudhi hasa, maana watu wanaangalia barabara wakati jibu liko ndani ya ploti.

Ploti ya Kariakoo ilikatwa kwa ajili ya nyumba ya Kiswahili. Unaijua: mbele baraza, ukiingia ukumbi mrefu katikati, vyumba 3 kulia, 3 kushoto, ukitoka nyuma uani. Uani ndo kuna jiko, choo, kamba ya nguo, mti wa kivuli kama mna bahati. Chumba cha mbele mwenye nyumba akipenda anatoboa dirisha anauza mafuta ya taa na sukari, ndo babu wa hizi fremu, vyumba vya maduka, mnazopigania leo, biashara haikuivamia Kariakoo jana. Halafu angalia uani mmoja unapakana na uani wa jirani anayetazama mtaa wa pili, zikiungana zote, katikati ya kila kitalu unapata nafasi kubwa ya wazi inayopitisha upepo na mwanga, mvua ikinyesha maji yanaingia ardhini. Wanafunzi wananiuliza "mbona mchoro wa Kariakoo hauna maeneo ya wazi?" Maeneo ya wazi yalikuwemo, ila yalikuwa nyuma ya nyumba, kila familia imeshikilia kipande chake, na kwa sababu hayakupakwa rangi ya kijani kwenye ramani hakuna aliyeyahesabu wakati yanaliwa.

Maana yameliwa kweli. Ghorofa la Kariakoo linakamata ploti nzima, ukuta kwa ukuta, nyuma hakuna hata pa kuanika kitambaa. Palipokuwa na familia chache zinazoshea choo kimoja sasa pamekaa fremu chini, stoo juu, ofisi, gesti, watu mamia wanaingia na kutoka, na mtaa wenyewe upana ni uleule uliochorwa kwa waenda kwa miguu na baiskeli. Mzigo unashushiwa wapi? Barabarani. Taka? Barabarani. Mashine ya umeme iko kwenye njia ya wapita kwa miguu. Mmachinga naye anatandika hapohapo na lawama zote zinamshukia yeye, kwa sababu anaonekana, uani uliopotea hauonekani. Kilichoiharibu Kariakoo ni kubadilisha kimo na matumizi bila kugusa ukubwa wa ploti, yaani shati la mtoto wa miaka sita umemvalisha baunsa halafu unamtukana fundi cherehani.

Ukitaka kuona mtu aliyeelewa hilo, angalia lile soko kuu la Kariakoo la 1975, kazi ya msanifu majengo Beda Amuli. Yeye hakubanana kwenye kiploti, alichukua eneo zima, akaweka ile miavuli ya zege juu, na chini ya ardhi akaacha sehemu ya mizigo. Moto uliolichoma Julai 2021 uliniuma kama msiba wa nyumbani.

Vitabu vinasema dawa ni kuunganisha ploti, kitalu kizima kijengwe kwa pamoja na uwazi urudi katikati. Darasani nafundisha hivyohivyo. Lakini moyoni sina uhakika sana. Nimeshakaa na ploti moja yenye warithi 11, wawili hawaongei tangu matanga, sasa uniambie niunganishe ploti 6 za namna hiyo? Ndo maana mwekezaji anakuja na ile ofa yake, nipe kiwanja nikupe floor mbili, na familia inakubali kesho yake. Na siwezi kuwacheka, kuna bibi alikuwa anapanga foleni ya choo uani, leo ana floor yake na anasomesha wajukuu kwa kodi ya fremu. Nikianza kulilia upepo wa uani mbele yake nitaonekana mwendawazimu. Na tuseme ukweli wote, mimi mwenyewe miaka ya nyuma nimechora majengo mawili ya ukuta kwa ukuta palepale, nikalipwa, nikala.

Basi yule mzee alipomaliza kulalamika kwamba mji haukupangwa, nikamuuliza anataka jengo likae vipi kwenye ploti. Akasema, "Lijaze lote mwanangu, usiache hata futi." Nimemchorea lenye mita 3 za wazi nyuma. Alisema ataenda kushauriana na wenzake, na mpaka leo simu yangu hapokei.