Mwenye kura mingi hapati kiti kila mara

Tangu kura ya 2023 huku Lubumbashi, Kongo, bantu bengi bangali banasema: fulani wa komini ya Katuba alikuwa na kura mingi kupita ule mwenye alipita, basi balimuibia. Wizi inaweza kuwa, sikatae, lakini hiyo hesabu peke yake haionyeshe kitu, juu kiti kinaendea listi (bakandida benye chama ao muungano umeweka pamoja) kwanza, kisha njo mtu wa ndani ya listi.

Kura za bakandida bote ba listi zinajumlishwa pamoja. Kwa konseye ya komini listi inapashwa kufikisha 10% ya kura halali za komini, kwa depite provinsiali 3%, kwa depite nasionali 1% ya inchi nzima. Tuseme komini iko na kura halali 20 000, mtu anapata 1 500 yeye peke yake (eh, si kidogo!), wenzake bote 300 tu. Jumla 1 800, chini ya 2 000, listi imekatwa na yeye anabaki nje, wakati kwa listi ingine mwenye 600 anaingia.

Basi ukituma matokeo kwa WhatsApp, andika jumla ya kila listi, na kura halali zote za komini, zile zilizoharibika weka kando. Foto ya PV (karatasi ya matokeo) yenye imebandikwa kwa biro ya kura inaonyesha ile biro tu, Katuba iko na mingi.