Kwa nini tovuti ileile ifunguke Dar, igome Maskati?

"Kaka, ile tovuti yetu huku haifunguki." Ujumbe wa binamu yangu uliingia saa nne usiku kutoka Maskati. Tovuti yenyewe ni ya ukoo, ina picha za harusi na hesabu za michango ya misiba, si kitu cha kumtisha mtu. Nikaijaribu kwa simu hapa Dar, ikafunguka kabla sijamaliza mwayo. Nikamjibu kama mafundi wote: "Mbona kwangu iko sawa?" Kisha nikajirudi, nikamwomba picha ya skrini.

Maana "haifunguki" haitoshi. Simu haifiki kwenye tovuti kwa hatua moja. Kwanza inauliza DNS, daftari la majina la intaneti, kwamba jina hili lina anwani gani ya IP. Ikipewa namba, inatafutiwa njia hadi kwenye seva na kubisha hodi. Ikiitikiwa, pande mbili zinakubaliana namna ya kuongea kwa siri. Ndipo inaomba ukurasa. Safari inaweza kufia popote hapo, na kila kifo kina sura yake.

Kivinjari kikisema seva haijulikani, au kikikupeleka kwenye ukurasa usio wako, anza na daftari. Huenda tovuti imehamia seva mpya na kampuni ya simu ya nchi ile bado imeshika anwani ya zamani. Huenda pia kampuni imeamriwa kutoa jibu la uongo. Badili DNS ya kompyuta iwe 8.8.8.8 au 1.1.1.1, yaani madaftari ya wazi ya Google na Cloudflare, ikifunguka, umempata mchawi.

Ikizunguka weee halafu ikasema muda umekwisha, tazama barabara. Mei 12, 2024 mikongo miwili ya baharini, EASSy na Seacom, ilikatika, na intaneti ya Afrika Mashariki ikawa ya kutambaa. Tovuti nyingi tunazoziita za Kitanzania zina seva Ulaya au Marekani, kwa hiyo aliye Berlin anaweza kuisoma bila shida siku kama ile, wewe uliye Kariakoo ukitazama kiduara.

Barabara inaweza hata kuelekezwa pabaya. Februari 24, 2008 serikali ya Pakistan iliagiza YouTube ifungwe nchini humo. Kampuni ya Pakistan Telecom ikatangaza ndani ya mtandao wake kwamba anwani za YouTube ziko kwake, ili wateja wake waishie hapo. Tangazo likavuja hadi kwa PCCW ya Hong Kong, iliyokuwa ikiiunganisha na dunia, nayo ikalisambaza. YouTube yenyewe ilikuwa imetangaza fungu la anwani 1,024. Pakistan ikatangaza 256 tu kati ya hizo. Na mitambo ya njia ina sheria yake: maelekezo mahususi zaidi ndiyo yanayofuatwa, kama mleta bodaboda anavyomwamini aliyemtajia namba ya nyumba kuliko aliyemtajia mtaa. Kwa muda wa takriban saa mbili, watu wa mabara mengine waliotaka video walikuwa wakipelekwa Pakistan, kwenye ukuta.

Wakati mwingine hodi inaitikiwa, kisha mazungumzo yanakatwa ghafla. Hapo shuku mchujo wa makusudi, kwa sababu jina la tovuti kwa kawaida hupita wazi mwanzoni mwa mazungumzo hata kama yatakayofuata ni siri, na kichujio hulisoma. Januari 2021 Uganda ilifunga mitandao ya kijamii kuelekea uchaguzi. Facebook iliendelea kufungwa hata mingine iliporudishwa. Wengi hukimbilia VPN, programu inayokupitisha kwenye seva ya nchi nyingine, kuhakikisha, lakini Tanzania mnamo Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilitaka wanaoitumia wajisajili. Mimi huanza na jambo jepesi zaidi: zima waifai, washa data ya kampuni nyingine palepale ulipo. Ikifunguka, nchi haina kosa. Mara nyingi sana ni kampuni moja tu.

Picha ya binamu ikaingia. Ukurasa mweupe, katikati namba moja: 403.

Nilipoiona nilifurahi, halafu nikaona aibu. Namba hizo hutolewa na upande wa tovuti wenyewe. Daftari lilisomwa, barabara ni nzima, hodi imesikika. Aliye mlangoni kakataa. Ingekuwa 451 ningejua ni zuio la kisheria (namba hiyo ilichaguliwa kwa heshima ya riwaya ya Ray Bradbury kuhusu uchomaji vitabu, Fahrenheit 451). Lakini 403 ni "sikutaki" tupu.

Nikaingia kwenye mipangilio ya kinga. Mwezi uliopita roboti za wadukuzi zilitusumbua, zikijaribu nywila usiku kucha, na mtu fulani akaweka orodha ya nchi zinazoruhusiwa: Tanzania, Kenya, Uganda. Mtu huyo ni mimi. Oman sikuikumbuka.

Nikaiongeza, binamu akaingia. Kisha nikaongeza Uingereza na Kanada, ambako shangazi zetu walikuwa kimya wiki tatu, nami nikidhani wamekasirikia michango.